Chanda kibaya nacho huvikwa pete!

Wiki hii naomba tuziweke kando habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuzame kwenye jambo moja ambalo vijana wengi wa mjini wanalibeba moyoni kimyakimya. Hawaliulizi hadharani, maana ukiliuliza kanisani unaonekana umeanza kupotea, na ukiliuliza mtaani washikaji wanakuona umelokoka ghafla. Swali lenyewe ni hili: hivi Mungu anahesabu pointi?

Usicheke bwana. Sikiliza tunavyoongea. "Mwaka huu nimemkosea sana Mungu, ngoja kwanza nijirekebishe ndiyo nirudi kanisani." "Yule dada amefunga siku arobaini, mwaka huu lazima aolewe." "Mimi natoa zaka kamili kila mwezi, sasa mbona biashara imekufa?" Hayo ni maneno ya mtu anayeamini kwamba huko juu kuna ubao wa matokeo. Ukiwa juu unakula baraka, ukiwa chini unakula kibano.

Lakini ukiwauliza Wakristo kiini cha imani yao ni nini, watakutajia neno jingine kabisa: neema. Yaani kupewa bure kitu ambacho hukustahili, na gharama anaibeba mtoaji. Wahubiri wamelieleza jambo hilo kwa karibu miaka elfu mbili, na bado tunatoka ibadani tukihesabu pointi. Basi leo nimeona tulieleze kwa lugha ya gemu. Ndiyo, hizo hizo gemu ambazo mama anasema ndizo zilizokufelisha mtihani! Ndugu zangu Waislamu na wa imani nyingine, leo nawazungumzia zaidi Wakristo na mambo yao ya ndani, lakini msiondoke, kahawa ipo na kashata zipo.

MLA DOTI ASIYEFIKA MWISHO

Tuanze na babu yao, Pac-Man. Gemu hiyo ilitoka Japan mwaka 1980, kampuni ya Namco, na aliyeibuni ni jamaa anaitwa Toru Iwatani. Kiduara cha njano chenye mdomo kinakimbia kwenye vichochoro, kinakula doti huku mizimwi inakifukuza. Kila doti ndogo ni pointi 10. Ukimaliza doti zote unaletewa vichochoro vile vile, doti zile zile, ila mizimwi imezidi ukali.

Swali la kila mtoto: mwisho wake uko wapi? Jibu linachekesha na kusikitisha. Gemu haikutengenezewa mwisho. Ukifika kiwango cha 256 mtambo unashindwa kuhesabu, nusu ya skrini inajaa herufi na namba zilizovurugika, na hapo hakupitiki. Mtu akicheza bila kosa hata moja tangu mwanzo, pointi anazoweza kuvuna ni 3,333,360. Baada ya hapo hakuna mlango unaofunguka, hakuna malaika anayeshuka na kombe. Umekula kila doti duniani, na hakuna aliyekuambia imetosha.

Hiyo ndiyo shida ya kwanza ya dini ya pointi. Hujui ngapi zinatosha. Ukisali nusu saa unajilaumu kwamba wenzako wanasali saa nzima. Ukisali saa nzima unasikia kuna mtu anakesha. Mtawa mmoja wa Kijerumani, Martin Luther, aliyeingia utawani Erfurt mwaka 1505, alifunga, akakesha, akaungama dhambi kwa muda mrefu mpaka wakubwa zake wakachoka kumsikiliza, na bado alilala na wasiwasi. Jamaa alikuwa kiwango cha 256, doti zimekwisha, amani hakuna!

GEMU YA WATU WEMA

Sasa njoo mwaka 1985. Mmarekani Richard Garriott alikuwa ameshatengeneza gemu kadhaa za mfululizo wa Ultima. Akagundua jambo lililomkera: wachezaji walikuwa wanaiba madukani na kuua wanavijiji wasio na hatia, ilimradi washinde haraka. Akasema hapana, safari hii natengeneza gemu ambayo ushindi wake ni kuwa mtu mwema. Ndiyo ikazaliwa Ultima IV.

Humo ndani hakuna shetani mkubwa wa kumuua mwishoni. Kuna fadhila nane za kukamilisha: ukweli, huruma, ushujaa, haki, kujitoa, heshima, uroho-safi wa kutafakari, na unyenyekevu. Ukimpa ombaomba sarafu, huruma inapanda. Ukitoa damu kwa waganga, kujitoa kunapanda. Ukikimbia vita, ushujaa unashuka. Kuna mama kipofu anauza mitishamba na anakuachia uhesabu pesa mwenyewe. Ukimpunja, hakuoni, lakini gemu inakuona, na ukweli wako unashuka. Yuko pia mzee mmoja, Hawkwind, anayekaa kwenye ngome ya mfalme. Ukimwendea anakuambia umefikia wapi katika kila fadhila.

Kwa kweli ni gemu ya heshima, na wengi waliicheza wakatoka na fikra za maana. Lakini angalia kinachotokea kwa mchezaji. Siku ya kwanza unampa ombaomba pesa kwa sababu unamwonea huruma. Siku ya tatu unamtafuta ombaomba kwa sababu huruma yako haijajaa! Yule maskini ameshageuka kuwa kitufe cha kubonyeza. Na ukishakamilika katika fadhila zote nane, kosa moja tu linakupokonya moja ya nane ya ukamilifu wako, unaanza tena kuzunguka na sarafu ukiwatafuta maskini.

Mpenzi msomaji, hujawahi kumwona mtu wa namna hiyo? Anakuja hospitali kumwona mgonjwa, dakika tano, piga picha, weka kwenye simu, kaondoka. Mgonjwa alikuwa doti tu.

SALIMIA WATU, UFUTE MAUAJI

Gemu zilizofuata zikaiga mtindo huo, na vituko vikaanza. Mwaka 2004 ikatoka Fable. Ukitenda maovu unaota pembe kichwani, ukitenda mema unawekewa duara la nuru kama picha za watakatifu. Safi. Ila ndani ya gemu kuna hekalu la Avo ambako unaweza kutoa mshiko kama sadaka, na sadaka inakupandisha upande wa wema. Yaani jambazi mwenye pesa nyingi anaingia na pembe, anatoka na nuru. Si unamjua mmoja pale mtaani kwenu?

Mwaka 2018 ikaja Red Dead Redemption 2, hadithi ya jambazi wa Marekani ya mwaka 1899 anayeitwa Arthur Morgan. Pale chini ya skrini kuna mita ya heshima, upande mmoja mwekundu, upande mwingine mweupe. Ukiua wasio na hatia inashuka. Sasa wachezaji wajanja wakagundua kwamba kumsalimia mtu njiani nako kunaipandisha kidogo. Basi bwana, ikawa mtindo: mtu anafanya unyama wake usiku, asubuhi anaingia mjini anasalimia kila anayepita, habari, habari, habari, mpaka mita inarudi nyeupe!

Lakini waandishi wa hadithi hiyo hawakuwa wajinga. Mwanzoni kabisa Arthur anamwendea mkulima mgonjwa, Thomas Downes, kudai deni, na anampiga. Mkulima anakufa, anaacha mke na kijana wake. Arthur naye anaondoka na kifua kikuu alichoambukizwa siku ile ya kipigo. Baadaye anakutana na yule mjane akiwa ameingia katika maisha ya dhiki na aibu, anajaribu kumsaidia, anampa pesa aanze upya mahali pengine. Na sehemu hiyo ya gemu imepewa jina ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: usitafute kuondolewa dhambi. Umeielewa hiyo? Mita inaweza kujaa nyeupe pyee, lakini mjane bado ni mjane na yatima bado ni yatima. Wema wa leo ni mzuri, ila hauna nguvu ya kurudi nyuma kuifuta jana.

Hiyo ndiyo shida ya pili. Kuna mambo tumefanya ambayo hakuna idadi ya salamu, mifungo wala sadaka inayoweza kuyasawazisha. Kila mtu analo lake. Wewe unalijua la kwako, mimi la kwangu.

LIPA USHINDE

Shida ya tatu ni kwamba penye pointi hapakosi wauzaji. Mwaka 2017 kampuni ya EA ilikuwa inajiandaa kutoa Star Wars Battlefront II. Wachezaji wakapiga hesabu wakaona kumpata Darth Vader kungehitaji kucheza kama saa 40, wakati mwenye pesa angeweza kununua makasha ya bahati nasibu yenye vitu vya kumpa nguvu kuliko wenzake. Lilizuka soo si la kawaida! Kampuni ikashusha gharama ya Darth Vader kwa asilimia 75, kisha ikayazima manunuzi hayo kabla gemu haijaingia rasmi sokoni. Mwaka 2018 Ubelgiji ikatamka kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari. Lipa ushinde ikakataliwa.

Sasa angalia, vijana wa gemu waligoma, sisi waumini tumekaa kimya! Miaka 500 kabla ya Darth Vader, huko Ujerumani, mtawa Johann Tetzel alizunguka akitoa vyeti vya rehema kwa pesa, na sehemu ya fedha hizo ilikwenda kujenga kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma. Ndicho kilichomtoa Luther mafichoni mwaka 1517 akaandika hoja zake 95. Siku hizi hatuuziwi vyeti. Tunauziwa chupa ya mafuta, chupa ya maji, leso, udongo na stika ya kubandika mlangoni. Dada wa watu anauza simu yake apate mbegu ya kupanda, na jambo lisipojibu anaambiwa imani yake ndogo, aongeze. Ni Darth Vader yule yule, kavaa suti.

Mpenzi msomaji, sisemi mtu asitoe sadaka. Kanisa lina bili ya umeme kama nyumba yako. Nasema tu kwamba kitu kikiitwa neema halafu kina bei, jina lake si neema tena, ni bidhaa.

POINTI ZILIZOMGEUKA MWENYEWE

Sasa tufike penye utamu. Mwaka 2015 jamaa anaitwa Toby Fox alitoa gemu ndogo yenye picha za kizamani, Undertale. Mtoto ameanguka chini ya mlima kwenye nchi ya mazimwi. Kila zimwi unaweza kupigana nalo, au kulihurumia na kuliacha liende. Ukiua unapata alama za EXP, kama gemu zote, na kiwango chako kinapanda. Mchezaji aliyezoea anadhani EXP ni uzoefu. Anaua, anapanda, anafurahi.

Karibu na mwisho, kwenye ukumbi mmoja mrefu, anakutana na Sans, kijimifupa mcheshi ambaye muda wote alikuwa anatania, na huyo ndiye anayempasulia ukweli. Alama ulizokuwa unakusanya si za uzoefu hata kidogo. Ni hesabu ya mauaji. Na kile kiwango ulichokuwa unajivunia ni kipimo cha ukatili wako. Mshikaji unabaki mdomo wazi!

Nikisoma habari za mtume Paulo naiona Undertale. Paulo alikuwa na pointi za kutisha: kabila la Benyamini, Farisayo aliyesoma, mwenye bidii kuliko rika lake. Na ile bidii aliitumia kuwasaka Wakristo. Stefano alipopigwa mawe, nguo za wapigaji ziliwekwa miguuni pake. Alidhani anapanda kiwango mbele za Mungu. Njiani kwenda Dameski akagundua kwamba pointi alizozikusanya ndizo kesi yake. Baadaye akawaandikia Wafilipi, sura ya 3, kwamba yale yote aliyoyahesabu kuwa faida ameyatupa kama uchafu.

Tujiulize hapo. Je, kama zile pointi ninazojivunia, kumsema dada fulani, kumcheka mlevi, kujiona bora kuliko wa dhehebu lile, ndizo zinazoandikwa upande wa deni?

Ila Undertale ina ukali mmoja. Ukiwamaliza mazimwi wote mpaka dunia ikafutika, ili uianzishe upya lazima ukubali kuiuza roho yako. Baada ya hapo hata ukirudia kwa wema, usimguse mtu, mwisho wako unakuja na doa. Gemu haisahau. Toby Fox ametufundisha huruma vizuri kuliko wahubiri wengi, lakini aliyevuka mpaka hakumwachia pa kurudia.

MTU USIYEMJUA ANAFUTA KILA KITU CHAKE

Nimekuleta taratibu mpaka hapa, sasa kaa vizuri. Mwaka 2017 Mjapani Yoko Taro alitoa NieR: Automata, hadithi ya maroboti wanaofanana na watu, wanaopigana vita ambayo maana yake hata wao wameanza kuitilia shaka. Kama hujaicheza nisamehe, leo nakumwagia mchuzi wote.

Gemu ile ina miisho mingi. Ule mwisho wa kweli hautoki mpaka umalize saa nyingi sana za kucheza. Ukifika, yanaanza kupita majina ya waliotengeneza gemu, kama mwisho wa sinema. Lakini unapewa kichombo kidogo cha angani, na yale majina yanaanza kukurushia risasi! Mwanzoni unacheka. Halafu risasi zinaongezeka, skrini yote inajaa, unakufa. Unarudia, unakufa. Kila ukifa gemu inakuuliza kama unakata tamaa. Unaanza kuona ujumbe mfupi wa kutia moyo kutoka kwa wachezaji wengine duniani. Unajaribu tena, unakufa tena. Uhodari wako wote, silaha zako zote, viwango vyote ulivyopanda, havikusaidii chochote. Kiduara cha njano kimekutana na ukuta.

Kisha inakuja ofa: kuna mtu anataka kukusaidia, unakubali?

Ukikubali, vyombo vingine vinakuja kukuzunguka. Vinapiga pamoja nawe, vinapokea risasi zilizokuwa zako. Na kila kimoja kikipigwa, unaandikiwa kwamba kumbukumbu za mchezaji fulani zimepotea. Majina ya watu wa nchi usizozijua. Unapita. Ule ukuta ambao usingeuvuka kamwe, unauvuka katikati yao.

Baada ya hapo ndipo unaelewa. Gemu inakuuliza: na wewe, ungependa kumsaidia mtu asiyejulikana? Kama ndiyo, itabidi ukubali sevu zako zote zifutwe. Saa zako zote, silaha zote, kila ulichokipata. Anayesaidiwa hutamjua wala hatakushukuru. Gemu inakuonya hata kwamba anaweza kuwa mtu usiyempenda kabisa. Ndiyo sasa unatambua kwamba wale waliokuzunguka dakika chache zilizopita ni watu halisi waliojibu ndiyo. Walipoteza kila kitu ili upite mtu ambaye hawakumjua. Wewe.

Watu wazima wamelia mbele ya televisheni kwa sababu ya gemu hiyo.

Wakristo wakisema neema, wanasema jambo la namna hiyo, ila kubwa zaidi. Mfano wa gemu unachechemea, maana pale kinachofutika ni kumbukumbu za mtambo, na msaidizi hakujui. Wao wanaamini kwamba Yesu alitoa uhai wake, na kwamba alikujua, na ule upumbavu wako wote, kabla hajaukubali msalaba. Pembeni yake alitundikwa mhalifu ambaye hakubakiwa na muda wa kuokota hata doti moja. Mikono imefungwa, hawezi kutoa zaka, hawezi kufunga, hawezi hata kumsalimia mpita njia. Aliomba tu akumbukwe. Na akaahidiwa paradiso siku ile ile.

PETE ILIYOKOSEA KIDOLE

Wahenga wetu walisema chanda chema huvikwa pete. Maneno ya busara. Ndivyo dunia inavyokwenda: anayefanya kazi nzuri apandishwe cheo, anayecheza vizuri aanze kikosini. Walisema pia mkono mtupu haulambwi, na kila aliyewahi kwenda ofisi fulani kufuatilia hati anajua ukweli wa hilo.

Lakini fungua Luka sura ya 15. Kijana kachukua urithi baba angali hai, kaenda kuutapanya mjini, karudi ananuka nguruwe. Amejiandaa na hotuba ya pointi: nifanye kibarua, nitalipa polepole. Baba anamkimbilia kabla hotuba haijaisha, na anaagiza vitu kadhaa. Kimoja ni pete. Pete! Kwenye kidole kilichotapanya mali ya ukoo. Chanda kibaya kikavikwa pete, na mkono mtupu ukalambwa.

Aliyekasirika ni kaka mkubwa, mtu wa pointi. Yeye hajawahi kukosa kazini, hajawahi kupewa hata mbuzi wa kula na rafiki zake. Na ukimsikiliza vizuri, ana hoja! Kosa lake ni dogo na ni kubwa: miaka yote alikaa nyumbani kwa baba yake kama mtu anayecheza Ultima, anasubiri mita ijae, wakati vyote vilikuwa vyake tangu mwanzo.

Nataka tuache gemu kidogo, tuingie makanisani kwetu. Msichana wa kwaya amepata mimba. Anatolewa kwaya, anakalishwa benchi la nyuma, na siku ya kurudi anasimamishwa mbele ya watu wote atubu, tumbo linaonekana, watoto wanatazama. Kijana aliyempa mimba tumbo lake halionekani. Jumapili hiyo hiyo anapiga kinanda. Mita yake ni nyeupe! Msichana anaondoka na hitimisho moja, kwamba Mungu kamfuta. Anaacha kusali, anaanza kuishi kama mtu asiye na cha kupoteza, na sisi tunasema, unaona, nilijua tu.

Sisemi kanisa lisikemee. Nasema kanisa linaloimba neema huku linaendesha ubao wa matokeo linawaua watu kwa sauti tamu. Yule dada hakuhitaji kuambiwa hakukosea. Alihitaji mtu wa kumkimbilia na pete kabla hajamaliza hotuba yake.

SI NDIYO CHITI HIYO?

Najua mbishi mmoja hapo nyuma ameshanyoosha mkono: sasa kama ni bure, si watu watafanya wanavyotaka? Si ni sawa na kubonyeza chiti kwenye GTA, unapata silaha zote, polisi hawakuoni, unaua mji mzima kiulaini?

Swali zuri, hata Paulo aliulizwa, soma Warumi sura ya 6. Tofauti ni hii: chiti haina mtu aliyeumia kwa ajili yako. Ni mwanya tu, na ukipita kwenye mwanya unamcheka aliyejenga ukuta. Neema ina majina ya waliopotea njiani. Rudi kwenye NieR. Umeshapita, gemu imekwisha, hakuna anayekudai hata senti. Ukijibu hapana, hakuna adhabu, sevu zako zinabaki. Lakini wapo wengi waliokaa pale na pedi mkononi, wakafikiri saa zao zote, wakajibu ndiyo. Hawakufuta ili waokolewe. Walifuta kwa sababu walikuwa wameshaokolewa. Hapo ndipo matendo yanapokaa, baada ya neema. Yakobo anaposema imani bila matendo imekufa, ndicho anachokitafuta: anataka kuona mtu aliyevushwa akimvusha mwingine.

Na usidhani huu ni ugomvi wa Walutheri na Wakatoliki tu. Tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, makanisa hayo mawili yalitia saini tamko la pamoja kwamba mwanadamu anakubaliwa na Mungu kwa neema, si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema ni matunda yake. Mwaka 2006 Wamethodisti nao wakajiunga. Waliotengana tangu enzi za Tetzel wamekubaliana kwenye hilo, sisi tu wa mtaani ndiyo bado tunagombania nani ana doti nyingi.

Basi mpenzi msomaji, wiki hii nakupa kazi ndogo. Kama wewe ndiye unayengoja ujirekebishe kwanza ndiyo urudi, acha kungoja. Nenda hivyo hivyo, na harufu yako ya nguruwe. Kama wewe ni kaka mkubwa, mtafute mmoja uliyemfuta kwenye orodha yako, mpigie simu, na usimkumbushe chochote. Na kama kuna mema utafanya, mfanyie mtu asiyeweza kukulipa, halafu usimwambie mtu, usipige picha, wala wewe mwenyewe usiyahesabu. Utaona ilivyo ngumu. Utaona pia ilivyo tamu.

Haya, kahawa imeisha. Tukutane wiki ijayo hapa hapa kijiweni, panapo majaliwa.